Chupa za Jaani: Namna ya Kusoma Umri wa Jalala la Kale

Huko East Tilbury, kwenye kingo za mto Thames katika kaunti ya Essex, Uingereza, maji yakijaa hula ukingo na yakitoka huacha chupa. Zimelala kwenye tope kwa wingi: za sosi, za maziwa, za dawa ya kikohozi, na kando yake vikombe vilivyovunjika, nyayo za viatu, betri zilizooza. Hapo palikuwa jalala. Taka za London zilimwagwa kwenye nyanda hizi za majimaji, zikafunikwa, zikasahauliwa, na sasa mto unazifukua. Mgeni huinua chupa moja ya kijani, akaona mapovu madogo ndani ya kioo chake, akasema hii ina miaka mia mbili. Mara nyingi huwa ameongeza karne nzima isiyokuwepo.

Kosa hilo ndilo lililonifanya niandike. Kuchimba chupa za kale kwenye majalala ni burudani ya watu wengi Uingereza, Marekani na Australia, na kwa mbali huonekana kama mchezo wa bahati: chimba, pata, osha, uza. Lakini chupa ni ushahidi, na ushahidi wake una sehemu mbili. Moja imo kwenye kioo chenyewe, nayo huenda na chupa popote iendako. Nyingine imo kwenye udongo uliokuwa umeizunguka, nayo hupotea siku ile ile ya kuchimba kama hakuna aliyeiandika. Wengi hujifunza sehemu ya kwanza kwa bidii na kuitupa ya pili pamoja na udongo.

Kwanza, kwa nini chupa ni nyingi kiasi hicho, na kwa nini nyingi ni za kati ya miaka ya 1870 na Vita vya Kwanza vya Dunia?

Mpaka 1845 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kioo, iliyokuwa imeanza miaka ya 1740. Chupa ilikuwa mali. Ilijazwa tena na tena, na ilipovunjika vipande vyake vilirudi tanuruni. Waziri Mkuu Robert Peel alipoifuta kodi hiyo, kioo kikawa bidhaa ya kila mtu. Miji ilikuwa inafurika wafanyakazi wa viwandani, reli zilikuwa zinasambaza bidhaa nchi nzima, na kila mwenye sosi, soda au dawa ya tumbo alitaka jina lake lisomeke juu ya chupa. Kisha ikaja Sheria ya Afya ya Umma ya 1875, iliyoziruhusu mamlaka za miji, na pale zilipoamriwa kuzilazimisha, kuondoa taka za majumbani. Taka zilizokuwa zikitupwa kwenye shimo nyuma ya nyumba zikaanza kukusanywa kwa mikokoteni na kupelekwa mahali pamoja: machimbo ya kokoto yaliyoachwa, mashimo ya udongo wa matofali, kingo za mito, mabonde ya majimaji yaliyotakiwa kujazwa.

Taka hizo hazikuwa kama zetu. Kila nyumba ilipikia na kuota moto wa makaa ya mawe, kwa hiyo pipa la taka lilikuwa zaidi ya yote pipa la majivu. Karatasi zilichomwa mekoni. Mabaki ya chakula yalikwenda kwa nguruwe na kuku. Mifupa na matambara yalikuwa na wanunuzi wake waliopita mitaani. Kilichobaki ni majivu, kioo, vigae na mabati, na majivu ni kitanda kizuri mno kwa kioo: ni laini, hayashikani kama mfinyanzi, na maji hupita ndani yake upesi. Ndiyo maana chupa iliyotupwa kutoka kwenye mkokoteni mwaka 1895 inaweza kutoka leo bila ufa.

Si kila mji ulitupa hivyo. Mwaka 1874 Nottingham ilijenga tanuru la kuchomea taka za mji, na miji mingine ikafuata. Mahali taka zilipopitia tanuruni kwanza, mchimbaji hukuta mabonge ya kioo kilichoyeyuka na mawe meusi ya majivu yaliyoshikana. Miji miwili jirani inaweza kuwa na majalala ya umri mmoja, moja limejaa chupa nzima na jingine halina hata shingo iliyosalimika.

Wachimbaji wazoefu hawaanzi na sepetu, huanza na ramani. Shirika la upimaji la Uingereza, Ordnance Survey, limekuwa likichora nchi kwa kipimo kikubwa tangu katikati ya karne ya 19 na kurudia kila baada ya miongo kadhaa, na Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka ramani hizo mtandaoni bure. Weka toleo la miaka ya 1880 kando ya lile la miaka ya 1910. Shimo la udongo wa matofali lililomo kwenye la kwanza likiwa uwanja tambarare kwenye la pili, kuna kitu kimelijaza, na tayari unajua kati ya miaka gani. Ukifika mahali penyewe, tazama mashimo ya sungura na vichuguu vya fuko. Wanyama hao hutoa nje kilicho chini, na udongo mweusi wa majivu wenye vipande vya kioo na kaure hausemi uongo.

Mshono na mdomo

Sasa chupa iko mkononi. Watu wengi hutafuta kwanza mshono, na wanafanya vizuri, ila wengi hawausomi vizuri.

Fundi wa zamani alichota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, akakiingiza ndani ya kalibu ya vipande viwili, akapuliza. Kalibu ilipofunguliwa, chupa ilitoka na mstari mwembamba kila ubavu, pale vipande vilipokutana. Huo ndio mshono. Lakini mdomo ulikuwa bado haujatengenezwa. Chupa ilikatwa kutoka kwenye bomba, shingo ikapashwa moto upya, na mdomo ukafinyangwa kwa koleo maalumu lililozungushwa, wakati mwingine kwa kuongeza kioo kingine juu yake. Mzunguko huo ulifuta mshono wa sehemu ya juu. Kwa hiyo chupa iliyopulizwa kwa pumzi ya mtu ina mshono unaopotea shingoni, na ya mashine ina mshono unaopanda mpaka ukingo wa juu kabisa wa mdomo, kwa kuwa mashine hufinyanga mdomo na mwili wote ndani ya kalibu.

Mashine iliyobadilisha kila kitu ni ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, iliyofanya kazi yenyewe bila mpulizaji kuanzia 1903. Chupa zake nyingi zina alama ya duara kitakoni, iliyokaa kando kidogo ya katikati na yenye kingo zenye manyoyamanyoya, mahali mashine ilipokikata kioo baada ya kukifyonza. Ukiiona, huhitaji kubishana: ni ya karne ya 20.

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Mvurugano huanzia kwenye jedwali linalosambazwa miaka mingi, linalodai kwamba kadiri mshono unavyopanda shingoni ndivyo chupa ilivyo changa, kana kwamba kila sentimita ya shingo ina muongo wake. Si kweli. Mshono huishia pale koleo la fundi na moto wa kupasha vilipofika, basi. Mafundi wawili wa kiwanda kimoja, siku moja, waliweza kutoa chupa zenye mishono ya urefu tofauti.

Kuna mitego mingine. Chupa isiyo na mshono wowote humfanya mtu adhani imepulizwa bila kalibu, tena zamani sana. Huenda ikawa hivyo. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vilizungusha chupa ndani ya kalibu iliyolowanishwa ili kufuta mishono na kuupa mwili mng'ao, hasa chupa za mvinyo na bia. Ichezeshe kwenye mwanga, utaona mistari myembamba sana inayoizunguka. Kinyume chake, mitungi ya kuhifadhia matunda iliyopulizwa kwa mdomo ina mishono mpaka juu, kwa sababu sehemu ya ziada ilivunjwa na ukingo ukasagwa kwa jiwe. Pitisha kidole: ukingo uliosagwa hukwaruza na hauna mng'ao. Tena, kabla ya Owens kulikuwa na mashine nusu, zilizohitaji bado mkono wa mtu. Howard Ashley wa Ferrybridge, Yorkshire, aliunda ya kwake miaka ya 1880. Na mashine zilipofika, hazikuingia kila kiwanda kwa siku moja. Chupa ndogo za wauza dawa ziliendelea kupulizwa kwa mdomo hadi ndani ya miaka ya 1920.

Kitako nacho husema. Kabla ya katikati ya karne ya 19, fundi alipotaka kutengeneza mdomo aliishika chupa kwa fimbo ya chuma iliyogandishwa chini yake. Ilipobanduliwa iliacha kovu lenye makali. Baadaye kikaja kifaa cha kubana mwili wa chupa bila kuigandisha, na kufikia miaka ya 1870 kovu hilo lilikuwa limeadimika kwenye chupa za kawaida. Mapovu, yale yaliyomdanganya mgeni wetu, hayana tarehe. Yanaonyesha tu kwamba kioo hakikukaa tanuruni muda wa kutosha au hakikusafishwa vizuri.

Vita vya gesi

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kizibo, kwa kuwa hapo unaona tatizo halisi likitafutiwa jawabu kwa karibu karne nzima. Soda ina gesi. Gesi husukuma kizibo. Kizibo cha gome kikikauka husinyaa, na gesi hutoroka.

Jawabu la kwanza lilikuwa kumnyima muuzaji uwezo wa kuisimamisha chupa. William Hamilton, mwanzoni mwa karne ya 19, alihusishwa na chupa yenye kitako cha mviringo kama yai. Haiwezi kusimama, lazima ilale, na ikilala soda huloanisha kizibo kikabaki kimevimba. Umbo linaloonekana la ajabu lilikuwa na kazi ya wazi kabisa.

Jawabu la pili ni la Hiram Codd, Mwingereza aliyekamilisha hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, mwaka 1872. Ndani ya shingo aliweka gololi ya kioo, na kwenye mdomo pete ya mpira. Chupa ilijazwa ikiwa imepinduliwa. Gololi ikaangukia mdomoni, na gesi yenyewe ikaibana dhidi ya pete. Kile kilichokuwa adui kikageuzwa kufuli. Kuifungua, unaisukuma gololi ndani kwa kijiti cha mbao. Shingo imeminywa ili gololi isitumbukie mwilini, na kuna vibonyeo viwili vya kuikamata usije ukamimina nayo ikaziba tena. Chupa za Codd zilizo nzima ni chache kuliko unavyotarajia, kwa sababu watoto walizivunja wapate gololi za kuchezea. Mchimbaji hukuta shingo zilizopasuliwa pale pale, zote kwa namna moja. Chupa hii haijafa: Wajapani bado wanakunywa soda yao ya Ramune kwa gololi, na India soda ya gololi bado inauzwa mitaani.

Mwaka 1892 William Painter wa Baltimore alisajili kizibo cha bati chenye meno pembeni, kile kile tunachokifungua leo kwenye soda ya kreti. Mdomo unaofaa kizibo hicho una ukingo mwembamba wa mviringo unaotambulika mara moja, na tarehe yake ya mwanzo haina mjadala. Ukiukuta kwenye tabaka la taka jaani, tabaka hilo halikufungwa kabla ya 1892.

Rangi na sumu

Kioo ni mchanga, chokaa na magadi vilivyoyeyushwa pamoja. Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya yamechimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Mchanga karibu wote una chuma kidogo, na chuma hutia kioo ukijani au ubuluu hafifu. Ndiyo rangi ya kawaida ya chupa za zamani, si ya kutiwa makusudi. Waliotaka kioo kisicho na rangi waliongeza madini ya manganizi ili kuua rangi ya chuma, na kioo hicho kikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau hafifu. Kilichofukiwa hakigeuki, kwa sababu jua halikifikii. Jambo hili wanunuzi walishike: siku hizi wapo wanaopeleka chupa za kawaida zipigwe mionzi, zikatoka zambarau nzito, wakaziuza kama adimu. Zambarau iliyokolea kama juisi ya zabibu huwa imetengenezwa.

Buluu ya kobalti ilikuwa na kazi nyingine. Sheria ya Famasia ya 1868 iliweka masharti juu ya uuzaji wa sumu Uingereza, katika nyakati ambazo nyumba ya kawaida ilikuwa na asidi ya kusafishia, dawa ya panya na dawa ya kunywa kwenye kabati moja, na taa ilikuwa mshumaa. Watengenezaji wakaanza kutumia chupa zenye pembe sita, za buluu au kijani kilichokolea, zenye mistari iliyoinuka ubavuni na maandishi ya kukataza kunywa. Ukiishika gizani, vidole vinajua kabla ya macho. Ni chupa chache zilizobuniwa kwa huruma ya wazi kiasi hiki, na sidhani kama anayeipanga dirishani kwa ajili ya rangi yake tu ameiona nusu yake.

Kuna pia ule mng'ao wa rangi nyingi, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, unaofunika chupa zilizokaa kwenye udongo wenye unyevu. Huo ni ugonjwa wa kioo. Maji hufyonza magadi kutoka kwenye uso, yakabaki matabaka membamba yanayovunja mwanga. Wapo wanaouondoa kwa kuitia chupa ndani ya mtambo wa kuzungusha, pamoja na vipande vya shaba na unga wa kung'arishia. Chupa hutoka kama mpya, ikiwa imepoteza ngozi yake na alama zote za matumizi. Mimi naona ni hasara, isipokuwa kama kioo kimekuwa na ukungu kiasi cha kutosomeka.

Majina juu ya kioo

Maandishi yaliyoinuka ndiyo yanayomvuta mchimbaji kurudi. Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa kukutana na wenyeji wake: chupa za Eno, ile ile dawa ya kiungulia inayouzwa madukani kwetu kwa pakiti, hutoka mara kwa mara kwenye majivu ya Uingereza, na vichupa vya Vaseline pia, vyenye jina la mwanzilishi wake Chesebrough. Vifuniko vya kaure vya dawa ya meno vina hadithi ya kwetu zaidi. Vingi vimechapwa kwamba dawa iliyokuwamo ilitengenezwa kwa popoo, ile ile inayotafunwa kwa tambuu Zanzibar, Lamu na Mombasa. Waingereza wa zama za Malkia Victoria waliisaga wakaamini inang'arisha meno.

Sehemu kubwa ya chupa, hata hivyo, si za majina makubwa. Ni za mtengeneza soda wa mji mmoja, mwenye mtambo mmoja na farasi wawili, aliyeandika jina lake, mji wake na picha ya alama yake ili mwenzake wa mtaa wa pili asijaze chupa isiyo yake. Nyingi zina tangazo kwamba chupa hii ni mali ya fulani. Kwa kutumia jina hilo na vitabu vya anwani za wafanyabiashara vilivyochapishwa wakati huo, unaweza kujua mtu huyo alifanya biashara kuanzia mwaka gani hadi upi. Kwa miji mingi midogo, chupa hizi na vitabu hivyo ndiyo karibu kumbukumbu pekee iliyobaki ya biashara hizo.

Lakini usiuamini kila mwaka ulioandikwa juu ya kioo. Mfano unaojulikana sana ni mitungi ya John Landis Mason nchini Marekani, iliyoandikwa tarehe 30 Novemba 1858. Hiyo ni siku ya hataza. Mitungi yenye tarehe hiyo iliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, na watu bado huiuza ikiitwa ya 1858.

Umri wa chupa si umri wa jaa

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo makala nyingi za wachimbaji hukomea bila kufika.

Tuseme umeitambua chupa ya Codd: imetengenezwa miaka ya 1880. Je, shimo ni la miaka ya 1880? Hapana, au tuseme bado hujui. Chupa ya soda ilikuwa na amana. Ilirudi dukani, ikaoshwa, ikajazwa, ikatoka tena. Ichukue soda yoyote ya kreti Dar es Salaam au Nairobi utazame begani na chini: ile pete nyeupe iliyochubuka ni safari zake, chupa ikigongana na jirani zake kiwandani. Chupa za karne ya 19 zina mchubuko huo huo. Iliyochubuka sana ilizunguka miaka mingi kabla ya kutupwa. Chupa ya dawa ya mtoto, kwa upande mwingine, ilinunuliwa, ikaisha, ikatupwa mwaka ule ule au unaofuata. Kwa hiyo ndani ya tabaka moja vipo vitu vilivyokawia na vitu visivyokawia, na visivyokawia ndivyo mashahidi bora.

Kanuni ambayo wanaakiolojia huifuata ni hii: tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu chake kichanga zaidi. Ukikuta chupa mia za gololi na kifuniko kimoja cha bakelaiti, plastiki iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, tabaka lote lilifungwa baada ya 1907, hata kama kila kitu kingine ni cha zama za Victoria. Mchimbaji anayetafuta chupa nzuri hukitupa kifuniko hicho. Kwa swali la umri, amelitupa jibu na kubaki na mapambo.

Kanuni hiyo ina sharti moja: tabaka liwe halijaguswa. Majalala mengi ya Uingereza yalichimbwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1960 na 1970, na waliotangulia walirudishia udongo ovyo. Ukikuta pakiti ya nailoni mita moja na nusu chini, kati ya chupa za 1890, umeingia kwenye shimo la mwenzako. Tabaka halisi lina mistari: majivu ya kijivu, kisha mekundu yaliyoungua, kisha meusi yenye masizi. Udongo uliorudishiwa ni mchanganyiko usio na mistari.

Thamani ya kusoma taka kwa namna hii ilionekana wazi Arizona, ambako kuanzia 1973 William Rathje na wanafunzi wake walichambua taka za kaya za Tucson na kulinganisha na majibu ya wakazi walipohojiwa. Watu walisema wanakunywa pombe kidogo kuliko chupa na makopo yao yalivyosema. Jaa halimwonei mtu haya. Kwa karne ya 19, ambayo mama wa nyumbani wa mtaa wa wafanyakazi hakuhojiwa na mtu yeyote, taka zake ndiyo mahojiano pekee tutakayoyapata.

Marekani imejaliwa chanzo kizuri zaidi kwa kusudi hili: vyoo vya shimo vya nyuma ya nyumba za mijini. Mabomba ya maji taka yalipofika mtaani, shimo lilijazwa taka kwa muda mfupi na kufungwa, kwa hiyo kilichomo ni cha familia moja au chache, za miaka michache. Humo hutoka chupa za Mrs. Winslow's Soothing Syrup, dawa ya kutuliza watoto wanaoota meno, iliyokuwa na mofini, dawa kali ya kulevya itokanayo na afyuni. Hadi sheria ya vyakula na dawa ya 1906 ilipolazimisha lebo kutaja viambato kama hivyo, mama hakuwa na njia ya kujua. Kukuta chupa kadhaa za dawa hiyo kwenye shimo la nyumba moja kunakuambia jambo kuhusu nyumba hiyo ambalo chupa moja sokoni haiwezi kukuambia kamwe.

Hatari, na mwenye mali

Shimo linaua. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na majivu yanayofanya kuchimba kuwe rahisi ndiyo hayo yanayobomoka bila onyo. Kosa baya kuliko yote ni kuchimba kwa kwenda ndani chini ya ukuta, kufuata chupa inayochungulia. Chimba kwa ngazi, pana kabla ya kina, usichimbe peke yako, na ukimaliza rudishia. Chanjo ya pepopunda iwe hai na glavu ziwe nene. Chupa iliyofungwa ikiwa na kitu ndani isifunguliwe wala kunuswa. Arseniki na zebaki havichachi vikaisha nguvu kwa kukaa. Majalala ya karne ya 20 yana asbestosi, na mengine yana mabaya zaidi. Dead Horse Bay, Brooklyn, ufukwe uliopendwa sana na waokota chupa, ulikutwa na vifaa vyenye mionzi, na mwaka 2020 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ikaifunga sehemu yake.

Kisheria, hakuna jaa lisilo na mwenyewe. Uingereza ruhusa ni ya mwenye ardhi, na kuchukua bila ruhusa ni wizi hata kama kitu kilitupwa miaka 130 iliyopita. Maeneo yaliyoorodheshwa chini ya sheria ya kumbukumbu za kale ya 1979 hayaguswi. Kwenye ufuo wa Thames jijini London, kutafuta chochote kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London, na kilichozidi miaka 300 lazima kiripotiwe. Marekani, sheria ya rasilimali za akiolojia, nayo ya 1979, inalinda vitu vilivyozidi miaka 100 kwenye ardhi ya serikali ya shirikisho. Kwa atakayevutiwa na haya akiwa Kilwa, Bagamoyo au Lamu: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Uchimbaji wa mahali pa kale unataka kibali, na kisichofukuliwa kiko salama zaidi kuliko kilichofukuliwa vibaya.

Wapo wanaoshikilia kwamba jalala lote liachiwe wanaakiolojia. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu wanaakiolojia hawawezi kufika kila shimo, na England peke yake ina majalala ya zamani zaidi ya 1,200 ya pwani yaliyo kwenye maeneo ya hatari ya mafuriko. Bahari haiandiki chochote. Mchimbaji mwenye ruhusa anaweza kuandika: kina cha kila kitu kutoka juu, kilichokuwa kando yake, rangi ya tabaka, mahali kwenye ramani. Vifuniko, vijiko, mabomba ya tumbaku na vipande vyenye maandishi vikae kwenye mfuko wenye namba ya tabaka lake, hata kama havina mnunuzi. Kwa asiye na daftari, picha ya ukuta wa shimo kabla ya kuendelea inatosha kuanzia: futi ya kupimia iwe wima ndani yake, jua lisiwe nyuma ya ukuta, na kitambua mahali cha simu kiwe kimewashwa.